Kanisa: Jina la Watu au Jina la Nyumba?

Leo tumechagua neno moja tu, neno ambalo kila mmoja wetu hulitamka bila kufikiri. Neno lenyewe ni kanisa.

Twasema, "Kanisa letu limeezekwa mabati mapya." Tena twasema, "Kanisa lilimlilia sana marehemu mzee wetu." Katika usemi wa kwanza kanisa ni mawe na mabati. Katika usemi wa pili kanisa ni watu wenye machozi. Mabati hayalii, wala watu hawaezekwi. Je, kanisa ni lipi?

Swali hili si letu peke yetu. Mataifa ya Ulaya, ambako wengi wa wamisionari wa kwanza walitoka, yamelibeba swali hili ndani ya lugha zao kwa karne nyingi. Watu waligombana kwa ajili yake, na wengine waliteswa. Basi na tulifuate neno hili kutoka lugha hata lugha, kisha turudi pwani yetu wenyewe, maana huko liko jambo la kutushangaza.

Tuanze na Wayunani, kwa kuwa Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Neno walilotumia mitume ni ekklesia. Neno hili halikuzaliwa hekaluni. Lilizaliwa katika mambo ya mji. Katika mji wa Athene, miaka zaidi ya mia nne kabla ya Kristo, ekklesia ilikuwa baraza la wananchi. Walikutana juu ya kilima kiitwacho Pnyx, wakaamua habari za vita, kodi na sheria. Asili ya neno ni kuita watu watoke: watoke majumbani na madukani, wakutanike. Na waliokawia sokoni walifukuzwa na watumwa walioshika kamba iliyopakwa rangi nyekundu. Aliyefika na alama nyekundu katika nguo zake, kila mtu alijua kwamba alikuwa mvivu wa kuitika!

Lakini si kila mtu aliitwa. Wanawake hawakuitwa, wala watumwa, wala wageni. Likumbukeni jambo hilo, maana Paulo alipoandika barua zake kwa ekklesia ya Korintho, watumwa na wanawake walikuwa ndani yake.

Mtu akitaka kuona neno hili katika maana yake ya zamani, afungue Matendo ya Mitume mlango wa 19. Pale Efeso, mafundi wa fedha walipofanya ghasia, na watu wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili hivi, Luka auita mkutano ule wa fujo ekklesia. Karani wa mji alipowatawanya, aliitawanya ekklesia. Kwa hiyo neno lenyewe halikuwa takatifu. Lilikuwa jina la watu waliokusanyika, wawe wema au wabaya.

Ni nani aliyelipa neno hili heshima? Ni Wayahudi wa Iskanderia kule Misri. Kuanzia karne ya tatu kabla ya Kristo, walitafsiri maandiko yao ya Kiebrania kwa Kiyunani. Walipolikuta neno la kusanyiko la Israeli mbele za Mungu, mara nyingi waliandika ekklesia. Ndipo neno la baraza la mji likawa neno la watu wa Mungu. Na katika Injili zote nne, neno hili laonekana katika Mathayo peke yake, mlango wa 16 na mlango wa 18. Katika mlango wa 18 tunafundishwa la kufanya ndugu akikosa: kanisa liambiwe. Sasa, ndugu zangu, nani awezaye kuuambia ukuta?

Wakristo wa kwanza hawakuwa na majengo yao. Walikutana nyumbani mwa watu. Huko Syria, katika mji wa kale wa Dura-Europos ulioangamizwa mwaka 256, wachimbaji wa miaka ya 1930 walifukua nyumba ya kawaida ambayo Wakristo walikuwa wameitengeneza iwe mahali pa ibada na ubatizo. Ilikuwa nyumba kama za jirani zake.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 313 Kaisari Constantine, pamoja na mwenzake Licinius, aliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu na kurudishiwa mali zao. Majengo makubwa yakaanza kuinuliwa. Nalo jengo lilihitaji jina. Hapo ndipo neno moja likawa njia panda, na lugha za Ulaya zikaenda kila moja upande wake.

Njia ya kwanza ilifuatwa na lugha zilizozaliwa na Kilatini. Walatini walilichukua neno la Kiyunani kama lilivyo, ecclesia. Kutoka hapo Wahispania wana iglesia, Wafaransa wana église, Waitaliano wana chiesa, nao Wareno wana igreja. Hata Wawelshi wa kule Uingereza husema eglwys. Yote ni watoto wa neno lile la watu walioitwa. Lakini mtoto aweza kusahau ukoo wake. Mfaransa akikuonyesha église katikati ya kijiji, akuonyesha mnara na kengele.

Njia ya pili ilifuatwa na mataifa ya kaskazini. Wao hawakulichukua neno ekklesia. Walichukua neno jingine la Kiyunani, kyriakon, maana yake "kilicho cha Bwana". Katika Agano Jipya neno la namna hii laonekana mara mbili tu: Paulo alitumia akiitaja chakula cha Bwana, 1 Wakorintho 11, naye Yohana alitumia akiitaja siku ya Bwana, Ufunuo 1. Baadaye Wakristo wakaita nyumba ya ibada kyriakon, nyumba iliyo ya Bwana. Kutoka hapo Wajerumani wana Kirche, Waholanzi kerk, Waskoti kirk, Waswidi kyrka, na Waingereza church. Wafini, ambao lugha yao si ndugu ya hizo, waliazima kirkko. Wataalamu wengi husema kwamba hata Warusi, wanaposema tserkov, walilipata neno hilo hilo kwa jirani zao wa Kijerumani.

Wako na wengine waliopita vichochoro vyao. Warumania husema biserică, neno litokalo katika basilika, ukumbi mkubwa wa Warumi ambamo kesi ziliamuliwa na biashara kufanywa. Wapolandi husema kościół, nalo lilifika kwao kutoka neno la Kilatini la ngome ndogo. Yaani, babu wa neno lao ni boma la vita. Nao Wahungari wanayo maneno mawili: templom ni jengo, na egyház ni ushirika. Heri yao! Wao hawawezi kuchanganya mabati na machozi.

Mtu aweza kusema, "Hayo ni mambo ya walimu wa lugha. Sisi yatuhusu nini?" Basi sikilizeni habari ya karne ya kumi na sita.

Martin Luther alipolitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatolewa mwaka 1522, alipofika penye ekklesia hakuandika Kirche. Aliandika neno la Kijerumani lenye maana ya jamii au ushirika wa watu. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1539 juu ya mabaraza na kanisa, alilalamika kwamba neno Kirche ni la kigeni na halieleweki, kwa kuwa watu wa kawaida wakilisikia hufikiri nyumba ya mawe badala ya watu wa Mungu.

Mwingereza mmoja, William Tyndale, alifanya vivyo hivyo. Agano Jipya lake la Kiingereza lilichapwa katika mji wa Worms mwaka 1526, likaingizwa Uingereza kwa siri. Penye ekklesia hakuandika church. Aliandika neno lenye maana ya kusanyiko. Ghadhabu ikawaka. Sir Thomas More, mtu mwenye elimu kubwa, aliandika mwaka 1529 kumshutumu, na neno hili likiwa moja ya makosa aliyomhesabia. Kwa nini? Kwa sababu More aliona mbali. Kama ekklesia ni kusanyiko la waumini, basi wakulima wachache waliokusanyika na Neno la Mungu ni kanisa. Na kama wao ni kanisa, mamlaka ya maaskofu na ya Papa yatasimama wapi? Tyndale akamjibu mwaka 1531, akimkumbusha kwamba hata Erasmus, rafiki mpenzi wa More, alikuwa ametumia neno la kusanyiko katika tafsiri yake ya Kilatini.

Mwisho wao ni wa kuhuzunisha. More alikatwa kichwa mwezi Julai 1535, kwa kuwa hakukubali mfalme awe mkuu wa kanisa la Uingereza. Tyndale alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto huko Vilvoorde, karibu na Brussels, mwezi Oktoba 1536. Hatusemi kwamba Tyndale aliuawa kwa neno moja tu. Mashtaka yake yalikuwa mengi. Lakini twaona ya kuwa watu hawa wawili waliopingana walikufa, kila mmoja akishikilia vile alivyolielewa kanisa.

Je, neno la Tyndale lilidumu? Halikudumu. Mfalme James alipoagiza tafsiri mpya mwaka 1604, watafsiri walipewa kanuni kwamba maneno ya zamani ya kidini yahifadhiwe, na mfano uliotajwa ulikuwa ni huu huu: church lisigeuzwe kuwa kusanyiko. Biblia ile ilitoka mwaka 1611. Na jambo la ajabu ni hili: katika Matendo 19:37, penye habari ya watu waibao vitu vya mahekalu, Biblia hiyo ya 1611 yawaita waibaji wa church. Neno la nyumba ya Bwana likatumika kwa nyumba za miungu ya kipagani! Hivyo ndivyo lilivyokuwa limeelekea upande wa jengo.

Wapo waliokataa kabisa. George Fox, aliyeanzisha jamii ya Marafiki kule Uingereza katika karne ya kumi na saba, hakukubali kuliita jengo church. Aliliita nyumba ya mnara. Marafiki hao ndio waliofika kwetu Kaimosi mwaka 1902, na ndugu zetu wa magharibi ya Kenya wawajua vema.

Nao Waprotestanti wa Ufaransa walitenganisha maneno. Jengo waliliita temple, na neno église wakaliacha kwa watu. Upesi wakajifunza kwa nini yafaa kutenganisha. Mwezi Oktoba 1685 Mfalme Louis wa 14 alifuta amri iliyowapa uhuru tangu 1598. Majengo yao yakabomolewa, hata lile kubwa la Charenton karibu na Paris. Kama kanisa lingekuwa jengo, habari yao ingekwisha mwaka huo. Lakini walikutana usiku milimani na misituni, wakayaita makutano hayo Jangwa. Wanaume waliokamatwa walipelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme. Wanawake walifungwa. Marie Durand aliingia katika mnara wa kifungo huko Aigues-Mortes mwaka 1730, akatoka mwaka 1768. Hesabuni wenyewe: miaka 38. Sheria ya kuwatambua ilikuja mwaka 1787, miaka zaidi ya mia baada ya majengo kuanguka, na kanisa lilikuwapo kupokea habari hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kubwa Mombasa, wakaiita kwa jina la Yesu, Fort Jesus. Ndani ya kuta zake walijenga na nyumba ya ibada. Kwa lugha yao iliitwa igreja, mjukuu wa lile neno ekklesia. Mwezi Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa muda wa karibu miaka mitatu, ngome ile ikaanguka mikononi mwa Waarabu wa Omani. Wareno waliondoka, na maneno yao kadhaa yakabaki midomoni mwetu: meza, leso, mvinyo. Na wataalamu wa Kiswahili watuambia kwamba hata igreja ilibaki, ila iligeuka sauti na maana. Ndilo neno letu gereza!

Naam, mmesikia sawasawa. Kwanza gereza lilikuwa ngome. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale yaitwa Gereza hata leo. Kisha, kwa kuwa watu walifungiwa ngomeni, gereza likawa jina la mahali pa wafungwa. Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958.

Fikirini safari ya neno hilo. Lilitoka Athene likiwa na maana ya watu walioitwa watoke nje. Likafika Mombasa likiwa na maana ya watu waliofungiwa ndani. Wapolandi walilichukua jina la boma wakalifanya kanisa; huku kwetu jina la kanisa likawa boma, kisha kifungo. Hatuna haja ya kuitafuta sababu mbali. Nyumba ya sala ilipowekwa ndani ya kuta zenye mizinga, jirani aliye nje hakuwa na njia ya kuona tofauti.

Wala tusiwacheke Wareno, tukajiona kwamba sisi Waprotestanti tu salama. Kuta si lazima ziwe za mawe. Kama mama mjane aogopa kuja ibadani kwa kuwa hana nguo nzuri, huo ni ukuta. Kama kijana aliyetoka kifungoni aketi peke yake kwenye benchi, na watu wanasogea mbali naye, kwake nyumba ile imekuwa gereza la pili.

Lakini Mungu ni mwema, maana Kiswahili kilipata na neno jingine. Kanisa twalipata kwa Waarabu, nao walilipata katika Kiaramu, lugha aliyosema Bwana wetu na jirani zake wa Nazareti. Mzizi wake ni kukusanya. Ndio mzizi uleule wa jina la Kiebrania la sinagogi, nyumba ya kukusanyika, na wa Keneset, bunge la Israeli la leo. Kwa Waarabu lilikuwa limekwisha kuwa jina la jengo, kama kule Ulaya. Lakini ndani yake ile sauti ya kukusanya watu ingaliko, ikingoja mtu wa kuisikia.

Je, tuyatupe majengo? La hasha. Mvua hunyesha, jua huchoma, na watoto wahitaji mahali pa kujifunza. Tena lile neno la pili, kyriakon, lina fundisho lake, nasi tusilidharau. Ekklesia latuuliza, "Ninyi ni nani?" Nasi twajibu, "Sisi ni watu tulioitwa." Kyriakon latuuliza, "Ninyi ni wa nani?" Nasi hatuna budi kujibu, "Sisi ni wa Bwana." Maneno haya mawili yahitajiana. Watu wakikusanyika na kusahau kwamba wao ni wa Bwana, huwa kama umati wa Efeso, kelele saa mbili na wengi hawajui walilojia. Na jengo likisahauliwa kwamba ni la Bwana, huwa mali ya mtu. Ndipo twasikia, "Hili ni kanisa la fulani." Ndipo ndugu wapelekana mahakamani kwa sababu ya kiwanja, na kufuli mpya yatiwa mlangoni usiku.

Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, milango ya makanisa nchini Kenya ilifungwa. Ilipofunguliwa mwezi Julai, waliruhusiwa watu 100 tu, kwa muda wa saa moja. Watoto walio chini ya miaka 13 na wazee waliopita miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Miezi ile ilitupima. Pengine watu walisema, "Kanisa limefungwa," wakanyamaza hadi kufuli ilipotolewa. Pengine jirani aliweka unga mlangoni pa mzee, akasimama mbali, akaomba naye kwa sauti. Huyo alijua maana ya neno.

Basi wapendwa, tuna kazi ndogo ya kuwapa juma hili. Wengi wetu twajua bei ya mfuko wa saruji na idadi ya mabati yaliyobaki kununuliwa. Ni vema. Lakini je, twajua ni nani hakuonekana Jumapili mbili zilizopita? Twajua ni mgonjwa, au ameumizwa na maneno yetu, au hana cha kuweka katika harambee na aona haya? Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja wa namna hiyo. Tusimwendee na kitabu cha michango. Tumwendee na salamu, tukae naye, tumwambie kwamba nafasi yake iko wazi. Maana kuitwa ni lazima awepo mwenye kuita, na mara nyingi Bwana huita kwa kinywa cha jirani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuita tulipokuwa mbali, tusamehe pale tulipoitunza nyumba tukawaacha watu. Wafungue waliofungwa kwa kuta zetu. Utufanye kusanyiko lako, lililo lako kweli, mwenye nyumba akiwa wewe peke yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.